Limfoma ya Ngozi Si Fangasi

Mwaka 1806 Jean-Louis Alibert, daktari wa hospitali ya Saint-Louis jijini Paris, alieleza habari za mgonjwa aliyeota manundu yenye sura ya uyoga. Mwanzoni aliyahusisha na buba. Mwaka 1832 akaupa ugonjwa huo jina la Kilatini, mycosis fungoides, ambalo limeganda vitabuni hadi leo ingawa hakuna fangasi wa aina yoyote anayehusika.

Chanzo chake ni seli T, mojawapo ya chembechembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Zikiharibika na kuzaliana ovyo, ugonjwa huitwa limfoma, na katika aina hii adimu hujikusanya kwenye ngozi. Manundu ya Alibert ni hatua ya mwisho, na wagonjwa wengi hawaifikii. Mwanzo wake ni mabaka tu: yanawasha, yana magamba, na hupenda matako, mapaja na kiuno, mahali pasipopigwa jua. Kwenye ngozi nyeusi baka linaweza kuwa jeupejeupe, likadhaniwa mba, pengine hata ukoma. Mgonjwa hupewa dawa ya ukurutu, baka linafifia, kisha linarudi. Miaka inapita hivyo.

Sasa tuuiteje? Anayefasiri Kilatini neno kwa neno ataandika fangasi, na msomaji wake atakwenda duka la dawa kununua tyubu isiyomsaidia kitu. Kosa la Alibert halina sababu ya kuhamia kwetu. “Saratani ya ngozi” nayo inapotosha: Tanzania ukiitaja, watu huwaza jua kali na madhara yake kwa wenye ualbino. Ugonjwa huu si huo. Mojawapo ya tiba zake ni mionzi ya urujuanimno, ileile iliyomo kwenye mwanga wa jua, ikitolewa kwa kipimo kliniki.

Napendekeza limfoma ya ngozi, na wataalamu waongeze “ya seli T” wanapohitaji. Seli hizo zikijaa pia kwenye damu na ngozi ikawa nyekundu karibu mwili mzima, hiyo ni sindromu ya Sézary, kwa jina la Mfaransa Albert Sézary aliyeieleza mwaka 1938. Hapo hata “saratani ya damu” si jina la kubahatisha.

Ukurutu mwingi ni ukurutu tu, usihangaike bure. Ila baka lisilosikia dawa kwa miezi mingi lisiendelee kupakwa krimu mpya kila mara. Mwombe daktari wa ngozi akate kinyama kikapimwe kwa hadubini. Mtajie krimu zote ulizopaka, maana zile za steroidi huweza kuficha seli hizo. Na jibu la kwanza likiwa halieleweki, kubali kukatwa tena: kinyama kimoja mara nyingi hakitoshi.