Duka Chini, Nyumba Juu: Kupanda na Kushuka kwa Mitaa ya Tanga



Kila mwaka tunapokusanya michango huulizwa swali: kwa nini tuhangaike na mitaa ya zamani ya katikati ya mji, wakati mahitaji ni mengi? Jibu limo katika historia ya mitaa yenyewe.

Mji wetu ulikuzwa na reli na mkonge. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, hata Tanganyika ikaja kuongoza dunia kwa mkonge.

Fedha hiyo ilijenga mitaa ya aina mbili. Upande wa bandari, wafanyabiashara, wengi wao wa asili ya Kihindi, walijenga nyumba za ghorofa: duka chini, familia juu, roshani ikitazama barabara. Ngamiani, upande wa pili wa reli, barabara zilinyooshwa na kupewa namba, na nyumba zikawa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma, baraza mbele ambapo fundi cherehani na muuza kahawa walijipatia riziki.

Aina zote mbili zilifanana kwa jambo moja: mwenye biashara alilala hapohapo. Paa likivuja lilimvujia yeye na wanawe. Mtaro ukiziba, maji yaliingia dukani mwake. Usiku madirisha yalikuwa na taa, na jicho la mwenyewe halikuwa mbali na barabara.

Pigo la kwanza lilitoka nje. Kamba za nailoni na plastiki ziliangusha bei ya mkonge katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa. Nchi iliyovuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, mwishoni mwa miaka ya 1990 haikufikisha hata 30,000. Viwanda vilivyojengwa kuziba pengo navyo vilichoka. Kiwanda cha mbolea, kilichofunguliwa mwaka 1972, kilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Pigo la pili lilihusu nyumba. Sheria ya mwaka 1971 iliipa serikali majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nia yake inaeleweka: wachache walikuwa wakitajirika kwa kodi za wengi. Lakini wamiliki wengi waliondoka nchini, na kodi zilizobaki chini hazikutosha matengenezo. Mpangaji naye hakuona sababu ya kutia fedha katika nyumba isiyo yake. Paa likivuja, halikuwa na wa kuliwahi.

Ndipo mvua ikafanya kazi yake. Kuta nyingi za zamani za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Maji yakipita kwenye bati lililotoboka huingia ukutani, chokaa hulainika, boriti huoza, roshani huanguka. Anayeziba kwa saruji huzidisha tatizo, maana saruji hufungia unyevu ndani. Watu wa ghorofani huhama kwanza. Duka la chini huendelea kwa muda, kisha nalo hufungwa mapema jioni kwa sababu mtaa umekuwa giza. Hivyo ndivyo barabara hufa: kuanzia juu kwenda chini.

Miaka ya karibuni mambo yamesogea. Kupitia mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, barabara kadhaa zilipata lami. Bandari imeongezewa kina, na meli ambazo zamani zilishusha mizigo kwa matishari sasa hufunga gatini. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani. Yote haya tunayafurahia. Lakini lami haiezeki paa. Na kiwanja cha katikati ya mji kikipanda bei, nyumba iliyochakaa huonekana haina thamani: hubomolewa, zikajengwa fremu ambazo ikifika saa mbili usiku hazina hata mtu mmoja.

Tujifunze pia kwa jirani zetu. Mji Mkongwe wa Unguja uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na majengo mengi yameokolewa. Hata hivyo mengi yamekuwa hoteli na maduka ya watalii, na wenyeji wengi wamehamia nje. Kuta zimepona, wenyewe hawapo.

Kwa hiyo mchango wa mwaka huu tunauelekeza juu: mabati, mifereji ya paa, boriti na lipu ya chokaa, kwa nyumba ambazo bado zina watu ghorofani, na kwa nyumba za Ngamiani ambazo baraza zake bado zina biashara. Tutaanza na zile ambazo mwenye nyumba na mpangaji wameandikiana kuwa kodi haitapandishwa ghafla baada ya ukarabati. Kazi watafanya vijana wetu, chini ya mafundi wazee wanaojua chokaa, ili ujuzi huo usizikwe pamoja nao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Masika haisubiri kikao. Atakayetoa fedha atoe, atakayetoa bati alete, na fundi atakayetoa siku moja ya kazi naye amechangia. Tunachotaka ni mtu aendelee kulala juu ya duka lake, mjini kwake.