"Where you are going?": Kwa nini swali hili si sahihi kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili, "Unakwenda sokoni" na "Unakwenda wapi?" zina mpangilio uleule. Kiingereza hakiko hivyo. Kwenye swali, kitenzi kisaidizi hutangulia kiima, yaani mtenda: "Where are you going?" Kama kisaidizi hakipo, huletwa "do", "does" au "did": "Did she call?"

Lakini mtenda mwenyewe akiwa ndiye anayeulizwa, hakuna kugeuza: "Who called?"

Wengi huteleza swali likiwa ndani ya sentensi nyingine. Hapo mpangilio hurudi wa kawaida: "Tell me where she lives", si "where does she live".

Sentensi ikianza na "never" au "rarely", kisaidizi hutangulia hata kama si swali: "Never have I seen this." Kwenye mtihani, kosa hapa ni alama imepotea.