Masanduku Manane ya South Carolina

Mpiga kura aliyeingia kituoni South Carolina mwaka 1882 alikuta masanduku manane yamepangwa mbele yake. Kila wadhifa ulikuwa na sanduku lake, na kura iliyotumbukizwa mahali pasipo pake haikuhesabiwa. Kilichoyatofautisha masanduku hayo ni maandishi. Asiyejua kusoma angeweza kuelekezwa na mwenzake aliyetangulia kwamba la gavana ni la tatu kutoka mlangoni, lakini msimamizi naye hakushindwa kuyahamisha.

Sheria ile haikutaja rangi ya mtu, wala isingeweza. Marekebisho ya 15 ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1870, yalikataza kumnyima mtu kura kwa ajili ya rangi yake au kwa kuwa alipata kuwa mtumwa. Ila jimbo hilohilo, mwaka 1834, lilikuwa limefanya kumfundisha mtumwa kusoma kuwa kosa. Baada ya miaka 48 likawaweka walionyimwa elimu ile mbele ya masanduku, likawaambia wasome.

Mississippi ilikwenda mbali zaidi. Wengi wa wakazi wake walikuwa Weusi, na mwaka 1870 ilimpeleka Hiram Revels huko Washington, awe seneta wa kwanza Mweusi nchini Marekani. Mwaka 1890 ikaandika katiba mpya: mpiga kura awe ameishi jimboni miaka miwili, awe amelipa kodi ya dola 2 kwa mwaka, na aweze kusoma kifungu cha katiba au kukieleza akisomewa. Nani wa kuamua kama maelezo yanatosha? Karani wa uandikishaji. Vifungu vilizidi 280, naye ndiye aliyechagua cha kukuuliza.

Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyatazama masharti hayo na kuyapitisha, kwani kwa maandishi yalimhusu kila mtu. Mwaka huohuo Louisiana ikabuni sharti la babu: ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kupiga kura Januari 1, 1867, alisamehewa mtihani wa kusoma. Siku hiyo karibu hakuna Mweusi wa Louisiana aliyekuwa na haki hiyo. Mwaka 1896 daftari la jimbo lilikuwa na Weusi 130,334. Mwaka 1900 walibaki 5,320. Sharti la babu lilikuja kufutwa na Mahakama mwaka 1915, katika kesi iliyotoka Oklahoma. Mtihani wenyewe haukuguswa.

Ndio uliomngoja Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba la pamba, alipopanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola, Mississippi, Agosti 31, 1962. Karani alimtaka aeleze kifungu kuhusu sheria za kurudi nyuma, yaani zinazogusa yaliyotendwa kabla hazijatungwa, somo linalowatoa jasho hata mawakili. Alishindwa. Njiani kurudi polisi walilisimamisha basi, na kosa la dereva likawa ni rangi ya basi lake. Jioni mwenye shamba alimtaka Hamer aondoe ombi lake la kujiandikisha. Alipokataa, akafukuzwa mahali alipofanya kazi miaka 18. Alirudi kwa karani, akafaulu.

Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya Agosti 6, 1965 iliupiga breki mtindo huo. Majimbo yenye historia hii hayakuruhusiwa tena kubadili kanuni yoyote ya uchaguzi bila kibali cha Washington. Huko Mississippi, Weusi walioandikishwa walipanda kutoka asilimia 6.7 hadi 59.8 kufikia 1967. Juni 25, 2013 Mahakama ya Juu iliufuta mpango ulioamua majimbo yapi yaombe kibali. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kwamba itatumia sheria yake ya vitambulisho vya wapiga kura: leseni ya kubeba bastola inakubaliwa, kitambulisho cha mwanafunzi hakikubaliwi.

Katiba ya Mississippi ya 1890 bado ina orodha ya makosa yanayomfutia mtu kura. Waandishi wake waliweka wizi, kughushi, hata kuoa mke wa pili kinyume cha sheria. Mauaji na ubakaji viliongezwa mwaka 1968. Kabla ya hapo mwizi alipoteza kura yake, muuaji akabaki nayo. Mwaka 2024 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliombwa kuifuta orodha hiyo, ikakataa.