Hata Siti binti Saad alichanganya

Najua nimekuwa kimya, majaribio yamenibana kweli kweli. Leo sina stori za kantini. Nataka tuongee historia kidogo, maana Jumamosi usiku nilikuwa Ngome Kongwe kusikiliza bendi tatu za vijana wanaojitegemea, na tangu turudi hosteli ni ubishi tu.

Ubishi wenyewe ni huu. Bendi ya pili ilipiga taarabu wakaitia rege. Udi upo, kanuni ipo, lakini na gita la besi na dramu pia. Watu wote wakainuka. Mwenzangu wa chumbani, tunasoma naye ualimu wa historia, akanuna: "Ndugu yangu, hii siyo taarabu. Hawa wanaua asili." Mimi nikasema hapana, hilo halipiti. Mwakani sisi ndio tutasimama darasani kuwaambia watoto asili ni nini.

Sasa asili ipi jamani? Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu, burudani ya ikulu na wakubwa. Basi anayetaka taarabu safi isiyoguswa, akaitafute Cairo!

Halafu akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu. Huyu akaichukua ile taarabu akaitia Kiswahili, akaitia na habari za mtaani: dhuluma, kesi, wanawake walioonewa. Mwaka 1928 yeye na wenzake wakavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Leo huyo ndiye tunamwita mama wa taarabu, wala hakuna anayesema aliiua.

Na kidumbaki je? Fidla ya Kizungu, besi ya sanduku la chai, vingoma viwili na mkwasa. Kila kitu kimetoka kwake, kikakutana uani kwenye harusi.

Kwa hiyo rege hainitishi. Kinachonitisha ni hesabu. Bendi ya watu wanane inataka nauli nane na chakula cha watu wanane. Mwimbaji mwenye CD anakuja peke yake. Tangu miaka ya 1990 kinanda kimoja cha umeme kimechukua kazi ya fidla, kanuni na akodiani kwenye vikundi vingi, na ukiondoa mpigaji umeondoa na mwalimu wa mpigaji wa kesho.

Chuo cha muziki cha DCMA kilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, ndiko walikosoma vijana kama wa Siti and the Band, waliotoa albamu ya Fusing the Roots mwaka 2018. Mwaka 2019 chuo hicho nusura kifungwe kwa kukosa fedha. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na linalodai muziki upigwe laivu, mwaka 2016 halikufanyika kabisa, sababu ni hiyo hiyo. Hapo ndipo asili inapokufa, tena kimya kimya, bila mtu kununa.

Mwenzangu bado hajakubali. Ananiuliza, kama kila mchanganyiko ni taarabu, mpaka uko wapi? Swali zuri, na nadhani mtihani wa mwalimu wetu hauna gumu kama hilo. Mimi naangalia vitu viwili tu: je, kuna mtoto anafundishwa kanuni, na je, shairi bado linasikika? Jumamosi ile mpiga kanuni alikuwa binti wa rika letu.

Haya, kesho saa mbili kuna kipindi na sijasoma kitu. Nyie mnasemaje, mimi au mwenzangu? Usiku mwema.