Koili ya ndani ya MRI: udhibiti kwa mwanga

Hii ni saketi ndogo inayozima na kuwasha koili iliyoingizwa mwilini, kwa mfano kwenye mshipa wa damu, ili kupokea ishara wakati wa kupiga picha kwa MRI. Koili hiyo huzimwa mashine inaporusha mawimbi ya redio, kisha huwashwa ili isikilize ishara dhaifu ya protoni. Kwa kawaida amri hupitia waya wa shaba, na hapo ndipo penye hatari: kwenye mashine ya tesla 1.5 mawimbi hufikia takriban megahezi 64, na waya wenye urefu wa makumi ya sentimita hugeuka antena, ncha yake ikaweza kuunguza nyama. Badala ya waya huo hutumika uzi wa kioo, ambao haupitishi umeme. Hupeleka mwanga wa leza hadi kwenye fotodaiodi, ambayo huiondoa koili kwenye masafa yake na hivyo kuizima.

Huko Garissa, Kenya, uzi huo unajulikana zaidi kama mkonga wa intaneti. Kwa upande wa hospitali, mpango wa serikali ya Kenya wa kukodisha vifaa vya hospitali, ulioanza 2015, ulizipa kaunti vifaa vya eksirei. Lakini koili zinazodhibitiwa kwa mwanga bado ni za maabara za utafiti, hata Ulaya.