Mwigizaji au Mtendaji? Historia ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Istilahi mbaya humpotosha mwanafunzi kabla hajafungua kitabu. Chukua neno la Kiingereza “actor” kama wanavyolitumia wabunifu wa lugha za kompyuta. Kamusi zetu zitakupa mwigizaji, na baadhi ya niliowafundisha, ambao sasa ni walimu wa kompyuta, wamelipokea hivyo. Mimi nadai kwamba neno sahihi ni mtendaji, na shahidi wangu ni historia ya wazo lenyewe.

Wazo hilo lilizaliwa na tatizo. Kompyuta huendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja, na njia ya zamani ilikuwa kuziacha zote zitumie kumbukumbu moja, mithili ya makarani wawili wenye daftari moja la mapato. Wa kwanza anasoma salio la shilingi 500. Wa pili naye anasoma 500. Kila mmoja anaongeza 100 na kuandika 600. Shilingi 100 zimepotea bila mwizi. Katika miaka ya 1960, Edsger Dijkstra wa Uholanzi alibuni namna ya kufunga mlango ili aingie mmoja mmoja. Dawa ilifaa, lakini kazi mbili zikishika kila moja ufunguo unaohitajiwa na mwenzake, zote husimama. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Oslo walitoa lugha ya Simula 67, iliyofunga taarifa na kazi zake katika kitu kimoja. Kuanzia 1972, Alan Kay na wenzake huko California wakaunda Smalltalk, ambamo vitu hivyo hutumiana ujumbe. Mwaka 1973, Carl Hewitt, Peter Bishop na Richard Steiger wakatangaza nadharia ya “actor”. Kwa muhtasari, huyo hufanya mambo matatu: hutuma ujumbe kwa anaowajua, huzaa wenzake wapya, na huamua atakavyoupokea ujumbe ujao. Kumbukumbu ya mwenzake haigusi kamwe.

Hapa Hombolo, penye Chuo cha Serikali za Mitaa, sifa hizo hazihitaji maelezo marefu. Mtendaji wa kijiji ana ofisi na majalada yake. Mtendaji wa kata akitaka takwimu, haingii humo kufuta na kuandika. Hupeleka barua, kisha huendelea na kazi nyingine hadi jibu lifike.

Sarufi nayo inaniunga mkono. Mtenda ni yule wa tendo moja; kiambishi -aji humfanya awe wa mazoea, kama mfugaji au msemaji. Mtendaji hamalizi kazi kwa ujumbe mmoja, bali hungoja mwingine. Mwigizaji ana kiambishi hicho pia, lakini mzizi wake ni kuiga, na programu hii haimwigi mtu.

Ipo hoja ya kunipinga: maandishi ya awali ya nadharia hiyo yalitumia pia lugha ya jukwaani. Nakubali. Lakini wazo lilistawi mbali na jukwaa. Kuanzia 1986, Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams wa kampuni ya Ericsson, Sweden, waliunda lugha ya Erlang kwa ajili ya mitambo ya simu, ili simu moja ikikatika nyingine zisiathirike. Hawakuanzia kwa Hewitt. Walifika palepale kwa njia yao. Mwaka 2012, WhatsApp ilieleza kuwa seva yake moja, ikitumia Erlang, ilihudumia miunganisho zaidi ya milioni 2 kwa pamoja. Mashairi tunayotumiana kwa simu yamepita mikononi mwa watendaji hao.

Mtendaji si mganga wa kila ugonjwa: wawili wakingojeana majibu, kazi bado hukwama. Hata hivyo, jina hili linamwonyesha mwanafunzi kilichomo. Mwenye neno linalozibeba sifa zile tatu kuliko hili, na alilete tulipime.