Kuku wa Eastlands Hawakumalizwa na Bei ya Chakula

Wasee, kila wiki kuna mtu ananitumia ile video ya "fuga kuku kumi utoke kwa umaskini." Sawa. Wacha tupige hesabu kwanza, alafu tuingie kwa historia, juu historia ndiyo inakula hiyo hesabu.

Kuku wa mayai anakula kama gramu 130 kwa siku. Kumi wanakula kilo 1.3, so gunia la kilo 70 linaisha kwa siku 53 hivi. Wakitaga mayai saba kila siku, unaokota 371. Tuseme gunia umelichukua kwa agroveti na 4,000, na majirani unawauzia yai 15. Hiyo ni 5,565. Unabaki na 1,565 kwa karibu miezi miwili, na bado hujalipia chanjo ya Newcastle na Gumboro, wala vumbi la mbao la kutandika bandani. Pia ukianza na kifaranga, utamlisha miezi minne na zaidi kabla hajakuonyesha yai. Mabaki ya ugali na majani ya sukuma yanasaidia kidogo. Huwezi nunua Subaru na hizo pesa, lakini watoto wanakula mayai na kuna kakitu cha unga. Mamathe wengi wa huku walifuga kwa hesabu kama hiyo.

Sasa mbona kwa ploti yenu hakuna hata jogoo mmoja?

Rudi nyuma miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilijenga Pumwani. Mwafrika mjini alionekana kama mgeni wa kazi: anafanya kibarua, analala, akizeeka anarudi reserve. Ndiyo maana nyumba nyingi za kanjo na za reli zilipimwa kwa kitanda, si kwa familia. Ukiwa na chumba kimoja mnashare wanaume kadhaa, kuku utamweka wapi? Kaloleni, ya miaka ya 1940, angalau ilikuwa na uwanja na miti kati ya nyumba. Lakini kwa sheria ndogo za kanjo, mifugo mjini ilikuwa kero, na hiyo fikra haikuondoka na Mwingereza 1963. Askari wa kanjo alibadilisha tu bendera kwa kofia.

Watu walifuga tu. Mwaka wa 1985 Mazingira Institute walizunguka miji sita ya Kenya, Nairobi ikiwemo, wakapata karibu asilimia 17 ya familia zinafuga mnyama hapo hapo mjini. Yaani kitu ambacho kanjo haikutaka kukiona kilikuwa kinawika kila asubuhi.

Na miaka hiyo ya 1970 na 80 ndiyo nafasi ilikuwepo. Buruburu ilijengewa watu wa mkopo wa nyumba, kila mtu na kauwanja kake. Umoja ilikuja na pesa za Wamarekani. Ile inanigusa zaidi ni Dandora. Mradi ulianza 1975 na mkopo wa Benki ya Dunia: ploti kama 6,000, unapewa choo, bafu na maji, vyumba unajijengea polepole. Katikati ya vyumba kunabaki uwanja. Hapo ndipo mlikuwa mnaanika nguo, mnaosha vyombo, na kuku anapita katikati ya miguu ya wapangaji.

Huo uwanja ndio uliliwa. Mwenye ploti alihesabu haraka kuliko sisi: nafasi ya banda ikigeuka chumba inaleta kodi kila mwezi, bila chanjo na bila kunuka. Vyumba vikapanda juu. Umoja, nyumba nyingi zilizochorwa kwa familia moja leo ni ghorofa. Simlaumu sana, ata mimi ningefanya hivyo. Lakini tusidanganyane ati vijana wa Eastlands ni wavivu wa kufuga.

Kichekesho ni kwamba ruhusa ilikuja wakati uwanja umeisha. Mwaka wa 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini. Babu zetu walikuwa na nafasi bila ruhusa. Sisi tuko na ruhusa, na chumba cha futi kumi kwa kumi ghorofa ya tano, na karatasi ya landilodi imeandikwa "hakuna mifugo."

Nafasi iliyobaki ni juu ya paa, kando ya matangi ya maji na kamba za nguo. Vizimba vya kuku kumi vinatoshea hapo, bora kuwe na kivuli na mtu wa kuzoa mbolea kabla majirani waanze kelele. So kabla utume pesa ya vifaranga, shuka chini umuulize keateka kifunguo cha mlango wa paa kinakaa na nani.